Gitare ya komande: ni ya mwili wako ao ni ya picha?

Siku hizi kati ya wapigaji wetu (bana kore, bana orkestra za harusi, vijana wa sebene) kuko neno moja lenye kurudi kila mara: "Ninataka kufanya komande ya gitare." Mutu hataki tena kungojea mjomba atume ile ya zamani kutoka Ulaya. Hataki tena ile ya soko yenye manshi ya kupinda. Anaenda kwa fundi, ao anaandikia atelye fulani ya mbali, anatoa avansi, anangoja gitare yenye itatengenezwa kwa ajili yake yeye peke yake. Ni jambo zuri. Lakini nikisikiliza vile komande zenyewe zinafanyika, ninaona kuko shida, na leo ninapenda niikosoe waziwazi. Karibu kila komande inaanzia ku picha. Mutu anafungua telefone, anaonyesha fundi Les Paul nyeusi ao Flying V, anasema: "Unifanyie hii." Fundi anauliza rangi. Anauliza mikro ni mbili ao tatu. Haulizi urefu wa mkono. Haulizi kama unapiga umesimama ao umekaa, wala ni kwa saa ngapi.

Hiyo si komande. Ni fotokopi ya mbao.

Juu ya nini ninasema ni jambo zito? Kwanza, pesa. Mwenye diploma asiye na mshahara, mwenye kufundisha masaa mawili matatu mu shule ya binafsi na kupiga harusi kila siku ya mposho, akifika kukusanya dola za gitare amejinyima mingi. Hatapata nafasi ya pili mwaka unaokuja. Lakini kinachoniuma zaidi ni mwili. Muziki wetu hauishi kwa dakika tatu. Sebene inaweza kuzunguka dakika kumi, mwenye akompa anarudia duara lilelile, kiganja hakipumziki. Ibada ya siku ya yenga inaanza asubuhi, hakuna mwenye kujua itaisha saa ngapi. Matanga ni usiku mzima. Halafu siku ya kazi ya kwanza unarudi mbele ya kompyuta, na kifundo kilekile cha mkono kinaanza kuandika rapoti. Kila mmoja wetu anamujua mpigaji mwenye aliacha gitare pole pole juu bega lilikuwa linamuwaka, na batu wakasema amepoteza kipaji. Kipaji hakikwenda popote. Ni kano za mkono zilichoka, ugonjwa wenye madaktari wanaita tendiniti, na hakuna mutu aliyemwambia kwamba ile mbao ya kilo tano begani ilikuwa na kazi yake mu hiyo habari.

Kuko batu wenye kufikiri kwamba starehe mu gitare ni mambo ya matajiri, kwamba mpigaji wa kweli anapiga na chochote. Historia yenyewe ya gitare ya umeme inasema tofauti, na mfano mzuri kupita yote ni Stratocaster.

Leo Fender, mutu wa California, alianza kwa kutengeneza radio. Gitare hakujua kuipiga. Gitare yake ya kwanza yenye kujulikana, ile yenye ilitoka mwaka 1950 kwa jina la Broadcaster na kuitwa Telecaster kuanzia 1951, ilikuwa ubao bapa wenye kingo kali, kama ubao wa kukatia mboga. Ilisikika vizuri na ilikuwa rahisi kutengeneza. Lakini wapigaji wenye walikuwa wanafanya kazi nayo usiku kwa usiku walirudi na manunguniko. Majina mawili yanatajwa sana mu habari hiyo, Bill Carson na Rex Gallion: kingo zilikuwa zinaingia mu mbavu na kukata mkono wa kuume. Mwaka 1954 Stratocaster ikatoka. Igeuze, utazame mgongo wake: wamechonga mbao na kuacha shimo pana mahali pa mbavu na tumbo. Irudishe mbele: kona ya juu imeteremshwa pale mkono wa kuume unalala. Kisha utazame pembe ndefu ya upande wa juu. Inafika karibu na freti ya 12, na kifungo cha mkanda kinakaa ku mwisho wake. Njo maana ukiiachilia haianguki kichwa, inabaki sawa mbele ya kifua.

Hakuna hata moja ya hizo ililetwa na mtu wa kuchora vitu vizuri mwenye alikuwa anatafuta umbo la kupendeza. Batu waliumia, wakasema, fundi akasikiliza. (Ninapenda sana kwamba aliyesikiliza ni mutu asiyejua kupiga. Wenye kujua kupiga mara nyingi wanajibu: "Utazoea.") Uzuri wa Stratocaster, wenye leo tunaupenda ku picha, ni alama ya yale manunguniko. Ukimwambia fundi akuigizie umbo bila kuchonga mgongo, na nimeona nyingi za namna hiyo, mgongo bapa kabisa kama mlango, umenunua kivuli ukaacha mutu.

Sasa tuje kwa Les Paul, juu njo yenye vijana wengi wanakomande. Gibson iliitoa mwaka 1952: mwili wa mahogani, kofia ya mbao ngumu ya mepo juu yake. Mlio wake ni mnene, unakaa sana, siwezi kukataa. Lakini tuiangalie kama chombo cha mutu mwenye kusimama saa tano. Mara nyingi uzito wake unapita kilo 4. Mgongo ni bapa, kingo zinasikika mu mbavu. Na kwa muziki wetu kuko dosari yenye kupita uzito. Manshi imeunganishwa na mwili karibu na freti ya 16, kwa kisigino kinene cha mbao, na mwili umekatwa upande mmoja tu. Kwa mpigaji wa blues mwenye kuishi kati ya freti ya 3 na ya 12 hiyo si shida kubwa. Solisti wa sebene anaishi wapi? Anaishi juu. Anapanda freti ya 12, ya 15, ya 17, anakaa huko, anajibishana na dansi. Kila mara anapopanda, kidole gumba kinakutana na ukuta wa mbao, kifundo kinapinda ili vidole vifike. Fanya hivyo mara elfu kwa usiku mmoja, kisha uniambie juu ya mlio mnene.

Na jina "Custom" lisikudanganye. Les Paul Custom, ile nyeusi yenye madoido ya dhahabu, ilitoka mwaka 1954, na ni modeli ya kiwanda kama zingine: hakuna mutu alipimwa mkono wake. Hata Custom Shop ya Fender, yenye ilifunguliwa mwaka 1987, sehemu kubwa ya sifa yake inatoka ku gitare mpya zenye kufanana kabisa na za zamani, mpaka zingine zinakwaruzwa rangi makusudi ili zionekane zimechakaa. Batu wanalipa zaidi juu ya mikwaruzo! Sisi apa Lubumbashi vumbi linatufanyia kazi hiyo bure.

Gibson wenyewe waliona shida. Mwaka 1961 walibadilisha umbo, ikazaliwa yenye leo tunaita SG: nyembamba, nyepesi, kingo zimechongwa, pembe mbili, mkono unafika mpaka freti ya mwisho bila kizuizi. Karibu kila kitu chenye nililalamikia apa juu kimerekebishwa. Lakini SG inatufundisha kitu chenye wafundi wengi wanasahau. Mwili ulipokuwa mwepesi na manshi ikasogea nje zaidi, kichwa kikaanza kushinda. Ukiachilia mkono, kichwa kinateremka kuangalia chini. Sasa mkono wa kushoto uko na kazi mbili, kupiga na kubeba, na hiyo kazi ya pili njo inachosha haraka. Kwa hiyo mutu akikuambia "gitare yangu ni nyepesi, kwa hiyo ni ya starehe", umuulize kwanza inasimama namna gani ikiwa begani bila mkono. Gitare ya kilo 3 na nusu yenye kusimama sawa ni bora kuliko ya kilo 3 yenye kuanguka kichwa.

Ninapita haraka ku Flying V, ingawa ningependa kucheka zaidi. Iko na habari yenye kutuhusu. Ile ya kwanza ya mwaka 1958, pamoja na ndugu yake Explorer, zilitengenezwa kwa mbao yenye Gibson waliita korina. Korina ni limba, mti wa Afrika ya Magharibi na ya Kati, wenye kuota hata kwetu, mu msitu wa Mayombe. Mbao yetu ilienda Marekani, ikarudi ku telefone yetu kama picha ya ndoto. Na ile gitare, ukikaa, haina mahali pa kulala ku paja: umbo la V linateleza. Watengenezaji walijua, mpaka ile ya 1958 walibandika ukanda wa mpira ku ubavu wake ili isiteleze. Chombo chenye kuhitaji mpira ili kisianguke ku magoti ya mutu, na vijana wetu wenye kufanya mazoezi wakiwa wamekaa ku kitanda njo wanakiomba!

Basi ni kusema picha haina maana? Hapana. Niseme ukweli: picha pia inalisha. Mwenye harusi anaona gitare kabla ya kuisikia, na orkestra yenye vyombo vya kuvutia inaitwa tena. Sisemi mutu apige na kitu cha kuleta haya. Ninasema rangi, madoido na umbo la kichwa ni mambo yenye unaweza kuchagua kwa macho bila kuumia. Uzito, mgongo, kisigino cha manshi na mahali pa kifungo, hayo macho hayawezi kuyachagua.

Jambo lenye kujaa uongo zaidi ni manshi, na apa ninaomba tuhesabu kidogo, hatukusoma bure. Wauzaji wanapenda kusema "skeli fupi ni kwa mikono midogo". Skeli ni urefu wa kamba wenye kulia, toka ku mfupa wa juu mpaka ku chevaleti. Fender wanatumia milimita 648, Gibson karibu 628. Inaonekana ni tofauti kubwa. Lakini toka mfupa mpaka freti ya 4, yaani nafasi ya vidole vinne vya kwanza, kwa Fender ni karibu milimita 134, kwa Gibson karibu 130. Milimita 4 tu, zimegawanyika kati ya vidole vinne. Mkono mdogo hautaokolewa na hizo. Chenye kubadilika ni ukazo wa kamba: kamba ileile, sauti ileile, ukazo unafuata urefu mara urefu, kwa hiyo skeli ndefu iko na ukazo wa karibu asilimia 6 zaidi. Sasa ulinganishe na kubadilisha kamba zenyewe. Ukitoka ku kamba ya kwanza ya namba 10 kwenda ya namba 9, ukazo wake unapungua karibu asilimia 19, juu hapo pia ni unene mara unene. Kwa bei ya paketi moja ya kamba umepata mara tatu ya chenye ungelipia kwa manshi mpya. Mutu asitoe dola zake kwa skeli fupi kabla ya kujaribu kamba nyembamba, na kabla ya kupeleka gitare ya sasa ifanyiwe reglaje. Gitare nyingi za bei ndogo zinaumiza vidole juu mifereji ya mfupa wa juu haikuchongwa vya kutosha, basi. Ni kazi ya nusu saa kwa fundi mwenye lima nzuri.

Kuko pia mambo ya mviringo wa ubao wa vidole. Gitare za Fender za zamani ziko na mviringo mkali, milimita 184. Gibson wako karibu na 305. Za siku hizi zenye kusifiwa zinafika 400 na zaidi, karibu bapa. Sifa ya ubao bapa ni kwamba unaweza kuvuta kamba kwa nguvu huko juu bila sauti kukatika. Ni sawa, lakini nani kati yetu anavuta kamba hivyo? Solo yetu inatembea kwa sauti mbili mbili, kwa kuchambua akodi, kwa vidole vyenye kuruka. Mviringo mkali kidogo unapendeza mkono wenye kushika akodi usiku kucha, na mwenye akompa hana sababu ya kuuogopa. Apa tumeazima jibu la batu wa roki kwa ulizo lenye hatujauliza. Unene wa manshi ni vilevile. Kila mutu anataka nyembamba "kama ya batu wa mbio". Manshi nyembamba sana mu mkono mkubwa inafanya kidole gumba kifinye kwa nguvu juu hakina kitu cha kujaza kiganja, na kufinya njo mwanzo wa maumivu. Mkono wako utakuambia, kama utaupa nafasi ya kushika manshi tatu ao ine za marafiki kabla ya kusaini.

Kitu kimoja ni chetu, na sijawahi kukiona mu fomu ya komande ya atelye ya nje: mi-composé. Wenye kupiga wanajua, ile ya kutoa kamba ya ine, ile nene ya re, na kuweka pahali pake kamba nyembamba yenye kulia oktava moja juu. Sauti yenyewe ni ya kwetu, inang'aa kati ya solo na akompa. Sasa mfereji wa mfupa wenye ulichongwa kwa kamba nene unapokea kamba nyembamba: kamba inacheza ndani, inalia vibaya, na mpigaji anafinya zaidi ili sauti isafike. Halafu chevaleti haikuandaliwa kwa urefu wa kamba hiyo, akodi za juu zinapotoka. Kama unapiga mi-composé kila siku, njo sababu ya kweli ya kufanya komande: mfupa uchongwe kwa kamba hiyo, chevaleti iwe na nafasi ya kuisogeza. Hapo komande inafanya kazi yenye hakuna kiwanda kitakufanyia. Lakini nani anaisema kwa fundi? Anasema rangi.

Mbao. Apa tuko matajiri na tunajidanganya. Mutu anaambiwa wenge ni mbao ya gitare za bei kali, na ni kweli, mafundi wa Ulaya wanaitumia, zaidi ku manshi za bass. Basi anaomba mwili mzima wa wenge. Tuhesabu tena. Mwili wa namna ya Stratocaster uko na mbao ya karibu lita 4. Kwa mbao ya alda, yenye Fender walitumia sana, lita moja ni karibu gramu 450: mwili unakuwa kilo 1,8. Kwa limba, karibu gramu 550: kilo 2,2. Kwa mulombwa wetu wa Katanga, gramu 600 na zaidi kidogo: karibu kilo 2,5. Kwa wenge, gramu 870: kilo 3 na nusu, na hujaweka bado manshi, mikro, chevaleti na mashini za kukazia. Umejitengenezea tofali. Ninaona mulombwa unafaa, unatulia ukikauka, unachongwa vizuri, na ukitoboa vyumba ndani ya mwili kabla ya kubandika kofia unaurudisha ku uzito wa alda. Mukula nisingeomba: ni mzito, na baada ya vile ulivyokatwa mu misitu yetu kupelekwa China, tangu 2019 uko mu orodha ya CITES.

Lakini kupita aina ya mbao, uliza ukavu. Bafundi wa Ulaya wanahesabu karibu mwaka mmoja wa kukausha kwa kila sentimita mbili na nusu za unene. Mbao ya kununuliwa ku depo juma lililopita, yenye ilinyeshewa mvua huko inje, itaendelea kutembea ikiwa gitare tayari. Miezi sita, manshi imepinda, kamba ziko juu, vidole vinauma, na mutu anasema bafundi wa kwetu hawajui. Wanajua. Kinshasa, jina la Socklo linajulikana tangu miaka mingi kwa gitare zenye kutengenezwa huko. Tatizo mara nyingi ni mteja mwenye anataka gitare mu juma mbili kwa ajili ya konseri.

Sasa kuko wenye watasema: umesahau zile zisizo na kichwa. Sijasahau, ninazipenda. Ned Steinberger, Mmarekani, alionyesha mu miaka ya 1980 kwamba unaweza kukata kichwa, ukaweka mashini za kukazia ku upande wa chevaleti, na tatizo la kuanguka kichwa likaisha kwa sababu kichwa chenyewe hakiko. Msweden Ola Strandberg, mwenye alianza mradi wake mwaka 2007, amefika mbali zaidi: mwili mdogo wenye kukatwa ili ulale ku paja kwa namna mbalimbali, uzito wa kilo 2 na kidogo, na manshi yenye mgongo wa pande bapa, siyo wa duara, ili kidole gumba kijue mahali pa kukaa. Kama nikiulizwa ni nani kati ya watengenezaji wa leo alifikiri mwili wa mutu kwanza, nitataja huyo. Lakini nyingi kati ya gitare zake zinapita dola elfu moja, na hata ukimpa fundi wa apa aige umbo, ile mashini ya chini ni chuma cha kipekee. Ikivunjika siku ya yenga asubuhi, hakuna duka ku Lubumbashi litakuuzia ingine. Zile za kwanza za Steinberger zilihitaji hata kamba za kipekee, zenye kipira pande zote mbili. Kwa mpigaji wetu, starehe inahesabu pia kupata kamba na vipande karibu. Kwa hiyo ninaona njia ya katikati: kichwa kidogo, chepesi, mashini za kawaida zenye kupatikana, pembe ya juu ndefu ya kufika freti ya 12, mwili uliochongwa mbele na nyuma, kisigino chembamba. Haitakuwa na jina kubwa. Itapigwa miaka mingi.

Mzee mmoja wa kore aliniambia: "Franco alianza na gitare ya kujitengenezea, na unaona alifika wapi." Ni kweli, Franco alianza hivyo akiwa mtoto. Na Jean Bosco Mwenda, wa kwetu kabisa, Hugh Tracey alipomrekodi ku Jadotville mwaka 1952 hakuwa na atelye ya kumupima mkono. Lakini tusichanganye. Mtoto anapiga chenye kiko; hiyo ni sifa ya mtoto, haiko sifa ya mkebe. Franco alipopata gitare ya kweli hakurudi ku ile ya kwanza ili aonekane mwenye nguvu. Na hatuna hesabu ya wenye walianza na mkebe wakaacha juu vidole vilitoka damu.

Kama uko tayari kukomande, ninashauri uanze na vitu vya bei ndogo. Nunua mkanda mpana, wa sentimita 8 ao 10, siyo ule wa 5: uzito uleule unagawanyika ku bega zima, na kuna batu wamegundua hapo kwamba hawahitaji gitare mpya. Pandisha gitare. Ile ya kuishusha mpaka ku magoti ni nzuri kwa picha, lakini inapinda kifundo cha kushoto kama ndoano. Kama bado unaona komande ni lazima, kata umbo mu karatoni nene, ulikaze ku mkanda, ufunge pembeni yake mfuko wa mchanga wa kilo 3 na nusu, usimame nayo saa nzima ukiangalia mpira. Inachekesha, mu nyumba watakucheka. Lakini baada ya dakika arobaini bega litakuwa limekwisha kukuambia kama umbo hilo ni lako, na karatoni haikugharimu kitu.

Halafu uende kwa fundi na karatasi, siyo na picha peke yake: unene wa manshi yenye mkono wako ulipenda, upimwe ku freti ya 1 na ya 12, kamba zako ni namba gani, unapiga mi-composé ao hapana, unasimama saa ngapi, freti ya mwisho yenye unafikia mu sebene ni ya ngapi. Uzito usizidi ngapi, uandikwe mu makubaliano, na balansi ya kupimia iwe hapo siku ya kupokea. Na umwambie asitoboe kwanza tundu za vifungo vya mkanda. Gitare ikiwa imeunganishwa, mashini ku kichwa, mikro ndani, kabla ya rangi, aishikilie kwa kamba ya muda, muisogeze pamoja mpaka ibaki sawa bila mkono kuishika. Hapo njo atie alama kwa kalamu ya risasi, na tundu litobolewe pale.